Kabla ya kugawa viwanja, nenda mwaloni alfajiri

Kazi yangu ni kupanga makazi huku Mwanza, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mtu aliyeingiliwa na maji ya ziwa mpaka kitandani, akapewa kiwanja mlimani, inakuwaje baada ya miezi michache unamkuta karudi ufukweni?

Ziwa Viktoria halifuriki kama mto. Mto Mirongo ukivunja kingo, kesho yake watu wanazoa tope. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, maji yake mengi ni ya mvua inayolinyeshea lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Nile kule Jinja. Likijaa, linakaa. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Kwa kuwa maji yalipanda polepole, watu nao walihama kidogo kidogo: leo magodoro, wiki ijayo kabati, halafu chumba cha kupanga mtaa wa nyuma. Ukipita na daftari kuandika walioathirika, unamkuta mwenye nyumba. Mpangaji alishaondoka, na hakuna anayemtaja.

Alfajiri moja nilishuka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, upande wa Ilemela. Ilikuwa wakati wa giza, siku ambazo mwezi hauonekani na dagaa wanafuata taa. Mitumbwi inaingia, akina mama wanagombea ndoo, kisha mbio kwenye chanja, yaani vichanja vya miti vya kuanikia dagaa. Mmoja wao alikuwa kwenye orodha yangu ya kuhamia juu.

"Mwanangu, kiwanja ni kizuri," aliniambia huku akitandaza. "Lakini dagaa nitawaanika wapi? Na hiyo saa kumi usiku nitashuka na nani?"

"Mama, si kuna bodaboda?"

Hakunijibu. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya, naye akaanza kukunja nyavu haraka. Dagaa wakilowa baada ya kuanikwa wanaharibika, wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Ni lazima alale karibu na chanja yake. Zile kilomita tano nilizomchorea kwenye ramani zilikuwa zinamnyang'anya riziki.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Nimeona kuta zilivyolala majini. Ila chanja ya miti si ukuta. Inang'olewa na kusogezwa maji yanapopanda. Nyumba ihame, sehemu ya kuanikia ibaki karibu na mwalo, na kati yake iwepo njia yenye taa.

Siku hizi, kabla ya kumwonyesha mtu kiwanja, fomu yangu inauliza mambo mawili ambayo zamani haikuwa nayo: unaanika wapi, na kodi ya nyumba unamlipa nani.