Usugu wa mbu si mazoea

Hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Panzi, mbu akionekana anatembea juu ya chandarua chenye dawa bila kuanguka, maelezo huwa yale yale: mbu wa siku hizi wamezoea dawa. Kauli hiyo sasa husikika hata redioni, tena kutoka kwa watu waliosomea afya, na hapo ndipo inapostahili kujibiwa kwa maandishi.

Usugu ni uwezo wa kundi la wadudu kustahimili kipimo cha dawa ambacho hapo awali kiliwaua karibu wote, uwezo ambao wazazi huwarithisha watoto wao kwa njia ya jeni. Tunazungumzia kundi, wala si mbu mmoja mmoja, na hilo ndilo wengi hulipita mbiombio.

Kuzoea ni jambo la kiumbe mmoja ndani ya maisha yake. Mnywaji wa kasiksi huzoea, hata kiasi kilichomlaza chini mwaka jana leo hakimtikisi, lakini mwanawe hazaliwi na mazoea hayo. Mbu naye hana hata muda wa kuzoea: jike huishi majuma machache tu, ilhali kati ya ugawaji mmoja wa vyandarua na mwingine hupita kwa kawaida miaka 3 hivi. Mbu waliovikuta vyandarua vikitundikwa walikufa zamani, na wanaotuuma leo ni vizazi vyao vya mbali.

Dawa iliyotiwa katika vyandarua vingi ni ya jamii ya pairethroidi, yaani kemikali za kiwandani zilizoigwa kutoka kwa pareto, zao ambalo wakulima wa nyanda za juu za Kivu wanalifahamu vizuri. Dawa hiyo hushika milango ya sodiamu katika neva za mbu, yaani vijitundu vya protini vinavyopitisha ishara za neva, milango ikashindwa kufunga, mbu akatetemeka na kuanguka. Hata hivyo, katika baadhi ya mbu wa Anopheles gambiae, waenezao malaria, asidi amino moja (kijenzi kimoja cha protini) ya mlango huo, iliyo katika nafasi ya 1014, si lusini kama ilivyo kawaida bali ni fenilalanini au serini, na dawa haishiki tena sawasawa. Wengine wana vimeng'enya vingi vinavyoivunjavunja dawa kabla haijafika kwenye neva. Tofauti za namna hiyo hutokea kwa bahati, bila kungoja dawa ifike. Dawa ikifika, huwafyeka wasiokuwa nazo, na waliosalia ndio wanaozaa. Hakuna mbu aliyefundishwa kitu.

Anayetaka ushahidi na atazame jinsi usugu unavyopimwa. Watafiti huchota viluwiluwi majini, tuseme katika mashamba ya mpunga ya bonde la Ruzizi, wakawalea hadi wawe mbu kamili, kisha majike wenye umri wa siku 3 hadi 5 wakatiwa ndani ya bomba lenye karatasi iliyopakwa dawa kwa muda wa saa 1. Baadaye huhamishiwa bomba safi, wakapewa maji ya sukari, na baada ya saa 24 waliokufa huhesabiwa. Wakiwa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika. Mbu hao hawajawahi kutua juu ya chandarua chochote tangu waote mabawa, na bado wengine huamka wazima. Walizoea wapi?

Mwaka 1960 mtafiti Bennett alitoa jaribio lililo safi zaidi, akitumia inzi wadogo wa matunda na DDT, dawa nyingine ya kuua wadudu. Alizigawa familia za inzi sehemu mbili, akaijaribu sehemu moja kwa dawa, kisha akazalisha kutoka kwa ndugu ambao hawakuguswa, akichagua wa zile familia zilizostahimili zaidi. Baada ya vizazi kadhaa alipata inzi sugu ambao hakuna hata mmoja katika wazazi wao aliyewahi kuguswa na DDT.

Tofauti hii si ya walimu peke yao. Mkulima wa nyanya anayeamini kwamba wadudu wamezoea huongeza kipimo cha dawa ile ile, na kwa kufanya hivyo huwabakiza walio sugu kupindukia. Baba mwenye nyumba anayeamini hivyo hivyo hukunja vyandarua na kuviweka kando ili mbu wasahau, wakati chandarua kisichotoboka bado kingewazuia wasiwafikie watoto, dawa iue au isiue. Vyandarua vipya vilivyoongezwa kemikali inayozima vimeng'enya vya mbu vilitengenezwa kwa sababu mtu aliuliza ni jeni gani zimebaki katika kundi.

Na pale ambapo dawa iliyoachwa kwa miaka huanza kuua tena, hakuna mbu aliyesahau. Jeni ya usugu mara nyingine humpunguzia mdudu uzazi au maisha pale dawa isipokuwepo, basi wenye jeni hiyo huzidiwa idadi na wenzao. Ingetosha kusema kwamba usugu umepungua katika kundi.