Kijiko hakijui sumu: yanayosemwa kuhusu uyoga wa porini Lubumbashi, na ukweli wake

Mvua za mwezi wa 11 zikishika, kando ya barabara ya Likasi na ya Kasumbalesa hupangwa mabeseni na vitunga vya uyoga, au bowa kama wengi tunavyouita hapa. Hadi karibu mwezi wa 4 ndiyo mboga ya watu wengi. Ni chakula kizuri na pori letu la miombo limejaliwa aina nyingi. Lakini hakuna kipimo kimoja, cha jikoni wala cha porini, kinachotenganisha uyoga wenye sumu na usio na sumu. Unaula kwa sababu unaijua aina hiyo kwa viungo vyake vyote, kuanzia chini ya udongo hadi unga unaodondoka kwenye kofia. Usipoijua, unauacha.

"Chemsha na kijiko cha fedha au kitunguu. Kikiwa cheusi, kuna sumu."

Si kweli. Fedha hugeuka nyeusi ikikutana na salfa, ndiyo maana hata yai huifanya nyeusi. Sumu inayoua watu wengi zaidi katika uyoga inaitwa amatoksini, nayo haigusi fedha, haibadilishi kitunguu wala mchele. Sufuria ya uyoga wa kuua inaweza kuchemka saa nzima na kijiko kikatoka kinang'aa. Kipimo hiki ni kibaya kuliko kutopima kabisa, maana kinampa mama mwenye watoto uhakika ambao haupo.

"Funza na konokono wameula, basi nasi tutaula."

Mwili wa mdudu si mwili wa mtu. Kuna inzi wadogo ambao funza wao hukua ndani ya uyoga wenye amatoksini bila kudhurika. Funza kwenye shina wanakuambia kwamba uyoga umezeeka, hawakuambii zaidi ya hapo.

"Uyoga wenye kikombe chini una sumu." Na wengine: "Tente ina kikombe, kwa hiyo kikombe hakina neno."

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa Katanga, na pande zote mbili zimekosea. Tente, inayopendwa sana sokoni, ni ya ukoo wa uyoga uitwao Amanita (wataalamu huiita *Amanita loosii*). Ina pete shinani, na chini ina kikombe cheupe kama mfuko uliochanika. Inaliwa. Lakini ukoo huohuo wa Amanita ndio wenye aina zinazoua, nazo pia zina pete na kikombe. Kwa hiyo kikombe hakikuambii "sumu" wala "chakula". Kinakuambia: umeshika Amanita, simama hapo.

Tatizo ni kwamba waokotaji wengi hawakioni kabisa. Wanakata shina kwa kisu juu ya ardhi, au wanavuta kofia, na kikombe kinabaki udongoni. Chomeka kisu sentimita 3 au 4 kutoka kwenye shina, kishuke sentimita 8 hadi 10, halafu inua bonge zima la udongo. Usifute kwa haraka. Ondoa udongo kwa vidole, taratibu, maana kikombe ni laini na kipande chake hubaki kwenye majani makavu. Angalia kama ni mfuko uliosimama wazi, au ni magamba tu yaliyoshikamana na shina lililovimba. Kisha geuza kofia utazame ukingo wake. Tente iliyokomaa ina mistari ukingoni kama meno ya kitana, lakini kwenye uyoga mchanga mistari hiyo haionekani vizuri. Ndiyo maana alama moja haitoshi kamwe.

Tente ambayo bado imefungwa kama yai isiokotwe. Ukiipasua kwa urefu utaona mchoro wa kofia na shina ndani, na hiyo inaitofautisha na uyoga wa mviringo ambao ndani ni mweupe mtupu. Lakini haikuambii ni Amanita ipi. Kwa anayeanza, ushauri wetu ni mkali: misimu yako ya kwanza usiokote chochote chenye kikombe, hata kama jirani ana uhakika. Anza na kitondo, uyoga wa ukoo wa *Cantharellus*.

Kitondo si kigumu kukijua. Uyoga mwingi una kurasa nyembamba chini ya kofia, zilizopangana kama kitabu kilichofunguliwa, na ukucha unaweza kuzitenganisha na nyama ya kofia. Kitondo hakina kurasa za namna hiyo. Kina mikunjo minene, inayogawanyika na kushuka hadi shinani, na ukiikwangua inatoka na nyama yake. Kinaota udongoni, chini ya miti kama muputu na mutondo. Ukikuta kinachofanana nacho kimeota kwa kishada juu ya kisiki, hicho si kitondo.

"Chochote kinachoota kwenye kichuguu ni salama."

Uyoga wa mchwa ni hazina. Mchwa wenyewe ndio wanaoulima ndani ya kichuguu, na aina moja, *Termitomyces titanicus*, hufikisha kofia ya karibu mita 1. Lakini kichuguu ni udongo wenye rutuba, na uyoga mwingine hauombi ruhusa ya mchwa ili kuota juu yake. Unaodanganya watu ni *Chlorophyllum molybdites*: mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia juu, na huota pia kwenye majani ya uani. Hutapisha na kuharisha vikali, kwa kawaida ndani ya saa 1 hadi 3.

Fuata shina. Uyoga mkubwa wa mchwa una mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye chumba cha mchwa. Ukichimba utachoka kabla haujaisha. Katikati ya kofia kuna ncha ngumu iliyotoboa udongo. (Ule mdogo unaotoka kwa mamia kama mchele uliomwagika hauna mzizi huo, kwa sababu hutoka kwenye makombo ambayo mchwa wameyatoa nje.) Kisha piga chapa ya spora, yaani ule unga wa uzazi unaodondoka kwenye kurasa:

1. Kata kofia iliyofunguka, uilaze kurasa zikitazama chini juu ya karatasi, nusu nyeupe na nusu nyeusi.
2. Dondoshea tone moja la maji juu ya kofia, ufunike na bakuli.
3. Acha usiku kucha, au angalau saa 6.

Asubuhi utakuta unga umeandika umbo la kurasa. Uyoga wa mchwa huacha unga wa waridi hafifu. *Chlorophyllum* huacha wa kijani iliyofifia. Amanita huacha mweupe, ndiyo maana unahitaji ile nusu nyeusi. Karatasi ikibaki tupu, uyoga ulikuwa mchanga mno au umekauka. Rudia na mwingine, usikisie.

"Rangi kali ni sumu, nyeupe ni salama, wenye maziwa uachwe."

Vitondo vyekundu vinaliwa, na Amanita nyeupe kabisa zipo zinazoua. Kabansa hutoa maziwa ukiikata na huliwa kila mwaka. Rangi yenyewe hubadilika kwa jua na mvua.

"Nikichemsha mara mbili na kumwaga maji, au nikikausha, sumu inaisha."

Kuchemsha husaidia kwa baadhi ya uyoga unaowasha tumbo ukiliwa mbichi, na ni vizuri kupika uyoga wowote wa porini dakika 20 au zaidi. Lakini amatoksini haifi kwa moto wala kwa jua. Ukiukausha unabaki na sumu ileile, ila sasa hauna kikombe wala pete ya kukuonya.

Usichukulie pia kwamba kila tumbo linalouma ni kosa la kutambua. Uyoga mzuri uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki juani hupata joto na kuoza ndani ya saa chache. Beba kwa kitunga, aina moja moja zikitenganishwa kwa majani.

"Nimeula tangu utoto kwetu."

Lubumbashi imejaa watu waliotoka Kasai, Kivu na kwingineko, na ujuzi wao ni wa kweli, ila ni ujuzi wa pori lile. Huko Marekani, wahamiaji kutoka Asia walikufa kwa kula *Amanita phalloides* wakidhani ni uyoga wa majani ya mpunga wa kwao. Hata ndani ya Katanga, ukiokota chini ya misonobari au mikaratusi iliyopandwa, hujaokota uyoga wa miombo.

"Ukioshwa vizuri, pa kuokotea si kitu."

Maji huondoa vumbi, si madini. Uyoga hufyonza kadimiamu, risasi na shaba kutoka udongoni kwa nyuzi zake, na madini hayo hukaa ndani ya nyama. Mjini kwetu shaba ilianza kuyeyushwa 1911, na upepo unaotoka zaidi kusini-mashariki umemwaga moshi upande wa kaskazini-magharibi kwa miaka mingi. Usiokote upande huo, karibu na mlima wa takataka za kiwanda, kwenye mito inayopokea maji ya migodi, wala ukingoni mwa barabara kubwa.

"Tumekula jana, tumelala salama."

Amatoksini hukaa kimya saa 6 hadi 12, wakati mwingine 24. Ndipo huja kutapika, maumivu ya tumbo na kuhara maji. Siku ya pili mgonjwa hupata nafuu, familia inashukuru, anarudishwa nyumbani. Ini linaendelea kufa. Siku ya 3 au ya 4 macho huwa ya manjano, damu hutoka ovyo, akili huchanganyika. Dalili zinazoanza mapema, ndani ya saa 3, mara nyingi ni za sumu nyepesi, lakini kitunga kilichochanganywa kinaweza kuleta zote mbili.

Maziwa, mafuta ya mawese na makala (mkaa wa jikoni) yaliyosagwa si dawa. Mkaa wa hospitali hutengenezwa kwa namna nyingine. Mpeleke mgonjwa hospitali haraka, mpe maji yenye chumvi na sukari njiani kama hatapiki, na uende na wote waliokula, hata wasiohisi kitu. Mwambie daktari saa mliyokula na saa dalili zilipoanza. Kwa hiyo kabla ya kupika weka kando uyoga 1 mzima wa kila aina, na shina lake lote, ukiwa umefungwa kwa karatasi mahali pa baridi, kwa siku 3.