Barolo: rangi ya chai, ukakasi wa bibo

Kwetu Kilifi kinywaji huzeeka kwa saa, si kwa miaka. Mnazi uliogemwa alfajiri ni mtamu, jioni umeshakuwa mkali, na ukiuacha siku mbili tatu unabaki wa kutilia achari. Mjomba wangu alikuwa mgema, kwa hiyo hayo sikufundishwa darasani. Nilipoingia kwenye kazi ya mvinyo huko Malindi, mji ambao Waitaliano wamekaa hadi vijana wa ufukweni wanabembeleza kwa Kiitaliano, kilichonitoa jasho hakikuwa majina ya mashamba wala matamshi. Kilikuwa kukubali kwamba kuna kinywaji cha matunda ambacho ukikifungua kikiwa na miaka mitano unakuwa umekionea.

Barolo hiyo, mvinyo mwekundu wa Italia. Wengi wenu mmeniuliza kwa nini naipigia debe ilhali ina bei ya mbuzi wawili na mara ya kwanza haimfurahishi mtu. Leo nijibu kwa kirefu.

Tuanze na rangi, maana ndiyo inayonigombanisha na wateja. Mtu ameagiza mvinyo mwekundu wa kifahari, anamiminiwa kitu kinachofanana na chai ya rangi iliyokaa kidogo. Ananitazama. Mmoja aliwahi kuniuliza kama jikoni tumeutia maji. Zabibu ya Nebbiolo, ambayo ndiyo pekee inayoruhusiwa kutengenezea Barolo, ina rangi kidogo kwenye maganda, na hiyo kidogo yenyewe haidumu; ikikutana na hewa inafifia. Miaka michache tu na ukingo wa mvinyo kwenye glasi umeanza kugeuka rangi ya tofali. Kwa mivinyo mingi myekundu tofali ni dalili ya uzee. Kwa Barolo ni sura ya kuzaliwa nayo, kama kijana aliyeota mvi akiwa na miaka ishirini.

Halafu unapiga funda. Aliyewahi kuuma bibo anajua ninachotaka kusema: ulimi unakauka, fizi zinashikana, mate yanakimbia. Kinacholeta ukakasi huo ni tanini, zilezile zinazokufanya ukunje uso kwa chai iliyosahauliwa jikoni. Nebbiolo inazo tele, kwenye maganda na kwenye kokwa, na juu yake ina uchachu wa kutosha kukutoa machozi. Kwa hiyo jicho linakuambia huu ni mwepesi na kinywa kinakuambia umeuma ukuta. Hapo katikati kuna harufu, na harufu ndiyo iliyoniteka mimi: waridi, kama mtu aliyetoka kunyunyiziwa marashi harusini, na nyuma yake lami, ile ya barabara mpya inapopigwa na jua la saa nane. Waonjaji wa zamani walizitaja hizo mbili pamoja, na kila mwaka natafuta maneno mengine ili nisionekane nimekariri, sipati.

Niliwahi kwenda Langhe, vilima vya Piemonte kaskazini magharibi mwa Italia, mwezi wa Oktoba. Asubuhi huoni mita kumi mbele yako. Ukungu wenyewe kwa Kiitaliano ni nebbia, na wengi wanasema jina la zabibu limetoka hapo. Nebbiolo huchipua mapema kuliko jirani zake na kuiva baada yao wote, hivyo inakaa shambani muda mrefu ikingoja mvua, mvua ya mawe na kila baa. Wenyeji wanaipanda pale theluji inapoyeyuka kwanza, kwenye miteremko inayotazama kusini, kwa sababu mahali pengine haitaiva. Vijiji vinavyoruhusiwa kuandika Barolo kwenye chupa ni 11 tu. Udongo wao ni tope la bahari ya kale lililogeuka mfinyanzi wenye chokaa, na haufanani: upande wa La Morra mvinyo unatoka laini na wenye manukato, upande wa Serralunga d'Alba unatoka mgumu, wa kungojewa. Nikiona jina la Serralunga kwenye lebo, naongeza miaka mitano kichwani kabla ya kufikiria kuifungua.

Sheria nayo inajua kwamba mvinyo huu hauna haraka. Barolo ya kawaida inakaa miezi 38 kabla ya kuuzwa, na 18 kati yake lazima iwe ndani ya mbao. Ile ya Riserva ni miezi 62. Kwa hiyo zabibu zilizochumwa mwaka 2021 hazikuonekana dukani mpaka Januari 2025, na hata hapo ni kama mwali aliyetolewa ndani kabla ya siku zake.

Ngoma ilivuma kwenye hizo mbao. Wazee wa Langhe walikuwa wakiacha juisi na maganda pamoja mwezi mzima au zaidi, kisha wakauweka mvinyo miaka kwenye mapipa makubwa ya mwaloni yanayoingia maelfu ya lita, mengine ya zamani kiasi kwamba mbao hazina tena ladha ya kutoa. Ulitoka mvinyo wa kungojewa miaka 20, na mnunuzi wa miaka ya 1970 hakuwa na subira hiyo. Wakulima walikuwa maskini. Kijana mmoja wa La Morra, Elio Altare, alikwenda Burgundy, akaona wenzake wa Ufaransa wanavyoishi, akarudi nyumbani na mwaka 1983 akashika msumeno wa moto na kuyakatakata mapipa ya baba yake. Badala yake akaleta vipipa vya lita 225 vya mwaloni mpya na kufupisha siku za kulowesha maganda. Baba yake akamnyima urithi. Sifanyi utani, ndivyo ilivyokuwa: ugomvi wa pipa ukavunja nyumba.

Waliomfuata walipata soko Marekani, na mvinyo wao ulinyweka mapema. Upande wa pili alisimama Bartolo Mascarello, mzee wa kijiji cha Barolo chenyewe, aliyechora lebo kwa mkono wake na kuandika kwamba hataki vipipa wala hataki Berlusconi, yule mwanasiasa tajiri wa Italia. Ukiniuliza mimi, wote walikuwa na hoja. Mapipa ya zamani ya baadhi ya watu yalikuwa machafu, na mvinyo ulinuka zizi. Hilo wapenda mila hawapendi kulisema. Lakini nimeonja vya kutosha vya miaka ya 1990 vilivyolazwa kwenye mwaloni mpya, na vingi leo vina harufu ya vanila na vumbi la seremala, waridi halipo. Siku hizi vita vimepoa. Wengi wamerudi kwenye pipa kubwa, ila wanalisafisha.

Sasa, ndani ya chupa kunatokea nini? Watu hudhani mvinyo ukizeeka unaongezeka kitu. Kwa kiasi kikubwa unapungua. Tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na rangi. Minyororo mingine hurefuka mpaka inakuwa mizito na kuzama, ndiyo masimbi unayoyakuta chini ya chupa kama ya kahawa chungu. Mingine hukatika vipande vidogo ambavyo ulimi hauvisikii sana. Ladha ya tunda bichi, cheri na forosadi, nayo inakwenda zake. Uchachu haukimbii. Ndio unaoshikilia nyumba nzima wakati kuta zinashuka, na ndiyo maana mvinyo laini usio na uchachu hauna maana ya kuwekwa: ukiondoka utamu wa tunda hakuna kinachobaki. Barolo iliyofika pale inaposifiwa haina tena ile ngumi ya bibo. Waridi limekauka, kama lile linalosahauliwa ndani ya kitabu. Lami imegeuka tumbaku, ngozi ya kiatu kipya, majani yaliyolowa, uyoga.

Njiani kuna kipindi kigumu. Ikiwa na miaka mitatu inaweza kukuchekea; ikiwa na saba au nane inajifunga, hainuki, haisemi, ukakasi mtupu. Wanunuzi wengi hufungua chupa yao hapo hapo na kuapa hawarudii. Mwaka nao una lake. Zabibu za 2010 na 2016 zimejengwa kwa kukaa. Za 2003, mwaka wa joto kali Ulaya, na za 2014, mwaka wa mvua nyingi, ukinazo zinywe tu. Na msidanganyike na jina pekee. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: sifa zilipozidi, mizabibu ikapandwa hata kwenye miteremko ambayo mababu waliiachia karanga za hazelnati. Chupa za aina hiyo hata ukizizika miaka 20 zitatoka zilivyoingia, labda na kuchoka zaidi.

Joto ndilo adui yetu sisi wa pwani. Hoteli moja niliyofanyia kazi, sitaitaja, iliweka katoni ya chupa 12 za 2004 kwenye stoo iliyopakana na jiko, zimesimamishwa wima. Nilikuta vizibo vimesukumwa juu, na vingine vimelowa hadi nje. Nikafungua moja mbele ya meneja. Ilinuka zabibu kavu zilizochemshwa. Meneja akaniambia, si ulisema mvinyo huu unataka kuzeeka? Joto haliuzeeshi haraka, linaupika. Maghala ya Langhe yako chini ya ardhi kwenye nyuzi 12 hadi 15, mwaka mzima, na unyevu wa kutosha kizibo kisikauke. Chupa hulazwa ili mvinyo uguse kizibo. Kama huna kabati la baridi, nunua chupa ya kunywa mwezi huu.

Ukiwa nayo changa, imimine kwenye jagi saa tatu au nne kabla ya chakula na uipe nyama yenye mafuta. Mbuzi wa kuokwa anaituliza vizuri sana, protini na mafuta vinashikana na tanini kabla hazijafika kwenye fizi zako. Iliyozeeka usiisumbue. Isimamishe siku mbili masimbi yatulie, ifungue, imimine polepole kwa mkono mmoja, na ukiona weusi unakaribia shingo ya chupa, acha. Usiipe baridi ya bia. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha.

Mimi ninayo moja ya 2016 kutoka Serralunga. Nimeiandikia 2036 kwa penseli. Iko ndani ya kabati dogo sebuleni, na umeme ukikatika linatunza baridi saa kadhaa bila taabu, mradi mlango usiguswe. Wanangu wamezoea. Giza likiingia kazi ya mdogo ni kutafuta mshumaa, na ya mkubwa ni kukaa mbele ya lile kabati mpaka taa zirudi.