Sayari-nje ni nini?

Sayari-nje ni sayari inayozunguka nyota nyingine, si Jua letu. Zilizothibitishwa zimeshapita 6,000, na karibu zote hakuna aliyeziona. Nyota huwaka mara mamilioni hata mabilioni kuliko sayari iliyo kando yake, kwa hiyo wanaastronomia huitazama nyota yenyewe na kusubiri ijisaliti.

Njia mojawapo ni kupima kuyumba kwake. Sayari nayo huivuta nyota, hivyo nyota hucheza kidogo huku na huko. Ikitujia mwanga wake huegemea ubuluu, ikirudi nyuma huegemea wekundu. Mshtarii (Jupita) hulisogeza Jua kwa mita 12 hivi kwa sekunde. Dunia yetu? Sentimita 9 tu, mwendo wa kobe.

Kwa njia hiyo Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza 51 Pegasi b mwaka 1995, ugunduzi uliowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Ilizua mshangao: jitu lenye angalau karibu nusu ya masi (kiasi cha maada) ya Mshtarii, linalomaliza mzunguko kwa siku nne na ushee, ilhali Mshtarii huchukua karibu miaka 12. Nani angetafuta jitu karibu na moto kiasi hicho? (Hiyo b haina siri: herufi ya kwanza huachiwa nyota.)

Njia ya pili imezaa matunda mengi zaidi. Sayari ikikatiza mbele ya nyota, mwanga hufifia. Mshtarii ungeziba asilimia 1 ya mwanga wa Jua; Dunia, chini ya sehemu moja kwa 10,000. Darubini ya Kepler, iliyorushwa mwaka 2009, ilikodolea macho nyota zaidi ya 150,000 ikivizia mififio hiyo. Kasoro yake ni kwamba sayari isiyopita kati yetu na nyota yake haionekani kabisa.

Kufifia hutupa ukubwa, kuyumba hutupa masi. Ukiwa na vyote viwili ndipo unajua kama ni mwamba au gesi. Kwa hiyo mimi husoma kwa tahadhari habari za “Dunia ya pili”. Proxima Centauri b, iliyotangazwa mwaka 2016, iko miaka ya nuru 4.2 tu kutoka hapa, lakini haijaonekana ikikatiza mbele ya nyota yake: tuna kadirio la chini la masi yake, kipenyo hatuna.