Kuchagua farasi wa kubashiri Royal Ascot: dhana potofu na ukweli wake

Kila mwezi Juni, kuanzia Jumanne hadi Jumamosi, uwanja wa Ascot ulioko Berkshire nchini Uingereza huwa mwenyeji wa Royal Ascot, yaani mbio 35 za farasi zisizo na viunzi, zinazohudhuriwa na familia ya kifalme na kufuatiliwa na wabashiri wa nchi nyingi. Uwanja huo ulianzishwa na Malkia Anne mwaka 1711, na tangu wakati huo watu wamejijengea imani chungu nzima kuhusu namna ya kumtambua farasi wa kumwekea dau. Baadhi ya imani hizo zina chembe ya ukweli na nyingine hazina hata hiyo, lakini karibu zote zinatokana na kosa moja, nalo ni kuuliza farasi gani atashinda badala ya kuuliza kama bei yake inalingana na nafasi yake halisi ya kushinda. Bei ninayoisema hapa ni malipo yanayoahidiwa na kampuni ya kubashiri: farasi wa bei ya 5 kwa 1 akishinda, mwenye dau la shilingi 100 hupata faida ya shilingi 500 na kurudishiwa shilingi zake 100.

Dhana: Farasi anayepewa nafasi kubwa kuliko wenzake ndiye chaguo salama

Katika mbio za Uingereza zisizo na viunzi, farasi wa aina hiyo hushinda takriban mara moja katika kila mbio tatu. Hata hivyo, udhaifu wa dhana hii hauko katika kushindwa kwake mara mbili zilizobaki, bali katika ukweli kwamba ubora wake unajulikana na kila mtu na umekwisha kukatwa kwenye bei. Mwaka 2012 Frankel alishinda mbio za Queen Anne Stakes kwa tofauti ya urefu wa farasi 11, na huenda Ascot haijaona farasi bora kuliko yeye. Lakini kwa kuwa bei yake ilikuwa 1 kwa 10, aliyeweka shilingi 10,000 aliondoka na faida ya shilingi 1,000 tu. Siku nne baadaye Black Caviar, farasi jike kutoka Australia ambaye alikuwa hajashindwa hata mara moja maishani, alianza kwa bei ya 1 kwa 6. Mpanda farasi wake, Luke Nolen, aliacha kumhimiza kabla ya kufika mstari wa mwisho, wapinzani wakamkaribia, naye akaponea kwa tofauti ya kichwa. Bei ya 1 kwa 6 inahitaji farasi ashinde karibu mara 86 katika kila mbio 100 ili mbashiri arudishe tu fedha zake, na mbio ile ilionyesha jinsi kosa dogo la binadamu linavyoweza kuvuruga hesabu ya namna hiyo. Farasi Stradivarius naye, baada ya kutwaa mbio za Gold Cup mwaka 2018, 2019 na 2020, alirudi mwaka 2021 akiwa ndiye anayepewa nafasi kubwa, akamaliza wa nne nyuma ya Subjectivist.

Wapo wanaosoma mifano hii na kukimbilia upande wa pili, wakiamini kwamba fedha ziko kwa farasi wasiotarajiwa. Ni kweli kwamba mwaka 2020 farasi Nando Parrado alishinda Coventry Stakes kwa bei ya 150 kwa 1, ambayo ilikuwa rekodi mpya ya Royal Ascot. Lakini ni jambo lililothibitishwa kwa muda mrefu katika soko la Uingereza kwamba, kwa jumla, farasi wa bei ndefu, yaani wenye malipo makubwa, hurudisha kidogo zaidi kwa kila shilingi kuliko farasi wa bei fupi, kwa sababu watu wengi hupenda kununua ndoto na kampuni huziuza ghali.

Dhana: Bei ikishuka ghafla, kuna watu wanaojua siri ya farasi huyo

Tarehe 28 Septemba 1996, katika uwanja huohuo wa Ascot ingawa si katika mbio za Juni, mpanda farasi Frankie Dettori alishinda mbio zote 7 za siku hiyo, jambo ambalo kwa bei zilizounganishwa lilikuwa 25,051 kwa 1. Farasi wake wa mwisho, Fujiyama Crest, alikuwa na bei ya 12 kwa 1 asubuhi, lakini kufikia wakati wa kuanza bei hiyo ilikuwa imeshuka hadi 2 kwa 1. Farasi mwenyewe hakuwa amebadilika: umri wake ulikuwa uleule, mzigo aliobeba ulikuwa uleule, na wapinzani wake walikuwa walewale. Kilichobadilika ni hofu ya kampuni za kubashiri, kwa kuwa watu wengi mno walikuwa wamewaunganisha farasi wote wa Dettori katika dau moja. Fujiyama Crest alishinda kwa shida, na kila aliyemwekea dau dakika za mwisho alilipwa, lakini alilipwa kidogo sana kuliko alivyostahili kwa hatari aliyoichukua.

Hali kama hiyo ilijirudia Juni 2019. Dettori alishinda mbio nne za kwanza za Alhamisi mfululizo, umati ukammiminia fedha katika mbio ya tano, naye akiwa juu ya Turgenev aliongoza hadi karibu na mwisho kabla ya kupitwa na Biometric. Mpanda farasi hodari huongeza nafasi ya farasi, na Lester Piggott hakupata ushindi 116 katika Royal Ascot kwa bahati; ila jina kubwa hununuliwa na kila mtu, na kwa hiyo huwa halina tena faida iliyobaki ndani ya bei. Upande wa pili wa suala hili huonekana pale mkufunzi mmoja anapoleta farasi wengi. Katika Derby ya Epsom mwaka 2020, mpanda farasi mkuu wa Aidan O'Brien, Ryan Moore, alikuwa juu ya Mogul, lakini mshindi alikuwa Serpentine wa zizi hilohilo, kwa bei ya 25 kwa 1, aliyeongoza mapema na kuachwa aende bila kusumbuliwa.

Dhana: Namba ya kizimba cha kuanzia ndiyo inayoamua

Dhana hii ina ukweli wa kutosha kuwa ya hatari. Mbio za Royal Hunt Cup hukimbiwa katika njia iliyonyooka ya mita 1,600, na farasi wanaweza kufika 30, ambao mara nyingi hugawanyika makundi mawili: wenye namba ndogo hukaa upande wa mbali, wenye namba kubwa upande wa majukwaa ya watazamaji. Mshindi wa Jumanne akitoka namba kubwa, Jumatano watu hufuta nusu ya farasi kwenye orodha bila kusoma chochote kingine. Kinachoamua zaidi ni mahali walipo farasi wenye kawaida ya kukimbia mbele, kwa sababu kundi linalovutwa na mwendo mzuri hufika mapema kuliko kundi ambalo kila mmoja anamngoja mwenzake. Ardhi nayo hubadilika katika siku hizo tano kutokana na mvua, umwagiliaji na kukanyagwa kwa nyasi. Mtu makini huzipanga kwanza namba za farasi wenye kasi ya mwanzo, ndipo anapoitazama namba ya farasi wake.

Dhana: Mbio zisizo na viunzi huhitaji kasi tu

Sehemu ya chini kabisa ya mzunguko wa Ascot, inayoitwa Swinley Bottom, iko takriban mita 22 chini ya sehemu ya juu, na kutoka hapo farasi hupanda kuelekea mwisho. Baada ya kona ya mwisho njia iliyonyooka ni fupi, kama mita 500 tu. Farasi aliyeshinda mita 1,600 katika uwanja mwepesi na ulio sawa anaweza kuishiwa pumzi hapa, na aliyezoea kutoka nyuma kabisa anaweza kukosa nafasi ya kupita. Farasi aliyewahi kushinda Ascot huwekewa herufi C pembeni mwa jina lake kwenye orodha ya mbio, na mimi huipa herufi hiyo uzito mkubwa kuliko wanavyoipa wengi.

Dhana: Aliyeshinda mara ya mwisho yuko katika hali nzuri, basi atashinda tena

Chukua farasi mwenye rekodi iliyoandikwa 40-3211. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia: kabla ya kistari ni msimu uliopita, alipomaliza wa nne kisha nje ya tisa wa kwanza, msimu huu amekuwa wa tatu, wa pili, kisha ameshinda mara mbili. Inapendeza, lakini haisemi alishinda dhidi ya nani, juu ya ardhi ya aina gani, wala akiwa na mzigo gani. Katika mbio za kusawazisha uzito kila farasi hupewa alama na mamlaka ya mbio, na kila alama moja ni ratili moja ya mzigo, yaani karibu nusu kilo. Farasi wa alama 105 hubeba ratili 10 zaidi ya farasi wa alama 95. Ushindi huo mara mbili ulipandisha alama zake, kwa hiyo anakuja Ascot akiwa amebebeshwa adhabu ya mafanikio yake mwenyewe. Utaratibu wa kusawazisha uzito unatumika pia katika uwanja wa Ngong, Nairobi, na aliyewahi kukaa kule akiwa na orodha mkononi ataelewa kwa nini farasi mwenye 40-5674 anaweza kuvutia zaidi, iwapo alama zake zimeshuka na sasa anapata umbali na ardhi anayoipenda. Kwa farasi wa miaka miwili hata rekodi hiyo haipo: Nando Parrado alikuwa amekimbia mara moja tu, bila kushinda.

Dhana: Kuweka dau la ushindi na la nafasi ni kinga

Dau hili ni madau mawili, moja la farasi kushinda na jingine la kumaliza miongoni mwa wa kwanza, na kila moja hulipiwa. Kwa kawaida, katika mbio za kusawazisha uzito zenye farasi 16 au zaidi, dau la nafasi hulipa robo ya bei kwa wanne wa kwanza. Weka shilingi 100 pande zote mbili kwa farasi wa 20 kwa 1. Akimaliza wa tatu unapata shilingi 600, yaani faida ya shilingi 400. Fanya hivyo kwa farasi wa 3 kwa 1 na upate nafasi hiyohiyo: utarudishiwa shilingi 175 kati ya 200 ulizotoa. Umechagua vizuri na bado umepoteza.

Dhana: Kuunganisha chaguo nyingi kunaongeza thamani ya fedha kidogo

Wapenzi wa soka wa Kenya na Tanzania wanaujua mkeka, na wengi huupeleka ulivyo kwenye farasi. Kwanza itazame mbio moja. Ikiwa farasi 10 wote wanapewa bei ya 8 kwa 1, mtu akiweka shilingi 100 kwa kila mmoja atatoa shilingi 1,000 na kupata 900, hata ashinde yupi. Shilingi 100 ndizo sehemu ya kampuni. Katika dau moja, makato hayo hukatwa mara moja. Katika mkeka wa mbio 7 hukatwa mara 7, moja juu ya nyingine, na matarajio ya mbashiri hushuka hadi karibu shilingi 48 kwa kila 100. Ushindi wa Dettori wa mwaka 1996 unakumbukwa kwa sababu mikeka mingine isiyohesabika ilikwisha kutupwa.

Dhana: Jumamosi ni siku ya kurudisha kilichopotea

Mbio ya mwisho ya Jumamosi ni Queen Alexandra Stakes, zaidi ya mita 4,300, na hupokea madau makubwa ya watu waliokwisha kupoteza wiki nzima. Ni mbio ngumu kuisoma kwa haraka, kwani baadhi ya farasi hutoka kwa wakufunzi wa mbio za viunzi kama Willie Mullins wa Ayalandi, aliyeishinda kwa Simenon mwaka 2012 na kwa Stratum mwaka 2021 na 2022. Sehemu kubwa ya rekodi ya farasi wa namna hiyo hupatikana katika mbio za viunzi za majira ya baridi, ambazo mtu aliyesoma matokeo ya Juni peke yake hajaziona.