Gesi ya choo haina kinyesi

“Siwezi kula githeri iliyopikwa kwa kinyesi.” Nimeisikia tena kauli hii wiki iliyopita huko Kibera, kwa mama aliyesimama kando ya mtaro wa majitaka unaopita mlangoni pake. Mimi ni fundi wa mitambo ya bayogesi, gesi ya kupikia inayotokana na kinyesi na taka, na hakuna dhana inayoniudhi kama hiyo. Kwa ajili yake watu wanaendelea kununua makaa ilhali choo cha jamii kina gesi isiyo na mpishi.

Kinyesi hakifiki jikoni. Kinabaki chini, ndani ya kuba lililofukiwa ambalo hewa haiingii, na bakteria humo hukivunjavunja. Kinachopanda kwenye bomba ni gesi tu: asilimia 50 hadi 70 methani, ndiyo inayowaka, na nyingi ya iliyobaki ni kaboni dayoksaidi. Samadi ya ng'ombe hutoa methani hiyo hiyo, na sijasikia mtu akikataa chai iliyochemshwa kwayo.

Harufu ya yai viza? Ipo kabla ya kuwasha. Hiyo ni hidrojeni salfaidi, na pua huinasa hata ikiwa kidogo sana. Moto mzuri wa buluu huimaliza. Ndiyo maana mtambo wangu hauondoki bila kichujio cha vyuma vyenye kutu: kutu huikamata gesi hiyo kabla haijafika jikoni na kulitafuna jiko. Jiko likiwaka na bado kunanuka, gesi inavuja. Paka maji ya sabuni kwenye viungo vya bomba uangalie mapovu. Usitafute kwa kiberiti, nakusihi.

Wanaohofia kuwa kuba litalipuka kama mtungi wa gesi nawaambia hivi: kwenye mtungi gesi imeshindiliwa hadi ikawa kimiminika, kwenye kuba shinikizo ni dogo mno. Tena gesi ya mtungi hutambaa sakafuni, methani hupanda. Acha matundu ya hewa juu, karibu na mabati.

Halafu kuna wenye nyumba wanaotaka choo cha familia moja kiendeshe jiko. Hakiwezi. Mtu mmoja hutoa kinyesi cha kutengeneza lita 20 hadi 30 za gesi kwa siku, na familia hupikia kama lita 1,000 au zaidi. Ndiyo sababu choo kiwe cha mtaa mzima, na mtambo uongezewe maganda na mabaki ya sokoni. Na jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, isimwagwe chooni, inaua bakteria wanaokupikia.

Dhana ya mwisho ni hatari kweli: kwamba tope linalotoka mtamboni ni mbolea safi. Mayai ya minyoo hupita mle yakiwa hai. Usilimwage kwenye sukuma wiki. Likaushe, ulihifadhi zaidi ya mwaka mmoja, na hata hapo mimi hulipeleka kwenye migomba kwanza.