Kwa nini printa hukataa katriji iliyokuwa ikifanya kazi jana

Katriji haijaguswa, wino umo, jana jioni imechapa vizuri. Leo asubuhi kioo cha printa kinasema katriji imezuiwa kwa sababu ina chipu isiyo ya mtengenezaji. Wengi huitoa, huipangusa, huitikisa na kuirudisha, mara nne mara tano. Haisaidii, kwa kuwa kilichobadilika ni printa yenyewe. Usiku, ikiwa kwenye waifai, imejipakulia toleo jipya la programu yake ya ndani, ile mafundi wanayoiita famwea, na toleo hilo linakagua chipu kwa ukali kuliko lililotangulia.

Jambo hili lilijulikana duniani kote tarehe 13 Septemba 2016. Siku hiyo printa nyingi za HP za familia ya OfficeJet, zinazotumia katriji namba 934 na 935, 950 na 951, au 970 na 971, zilianza kukataa katriji za watengenezaji wengine kwa pamoja. Programu ilikuwa imeshakaa ndani ya mashine hizo ikisubiri tarehe ifike. Wateja walipopiga kelele, kampuni iliomba radhi kwa kutowapa taarifa ipasavyo, ikatoa toleo la hiari lisilo na kizuizi kwa printa hizo. Mfumo wenyewe haikuuacha. Unaitwa Dynamic Security, na hadi leo umo kwenye printa zake nyingi, ukitajwa kwa maandishi madogo kwenye boksi. Mwezi Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya euro milioni 10. Ilisema wanunuzi hawakuelezwa wazi kuhusu kizuizi hicho, tena printa zilikuwa zikirekodi katriji zilizotumika bila wenyewe kujua.

Sababu ni biashara. Printa ndogo huuzwa kwa bei ya kuvutia, faida hupatikana kwenye wino kwa miaka inayofuata. Januari 2024 mkuu wa HP, Enrique Lores, alisema hadharani kwamba mteja asiyetumia wino wa kampuni ni uwekezaji mbaya kwao. Kampuni hutaja pia usalama: kwamba chipu ngeni inaweza kubeba programu hasidi. Kwa mwenye stesheneri hiyo ni hatari ya mbali sana ukiilinganisha na kulala na katriji sita zisizofanya kazi. Mtengenezaji ana haki ya kukuonya kuhusu wino usio wake. Kubadilisha masharti ya mashine ambayo umeshailipia ni jambo jingine kabisa.

Chipu inafanya nini

Chipu ni kipande kidogo chenye vituo vya rangi ya dhahabu, ubavuni mwa katriji ya tona, yaani unga wa kuchapia wa printa za leza, au mgongoni mwa katriji ya wino. Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kuhesabu: inaandika umechapa kiasi gani, na printa inakadiria kilichobaki. Katriji nyingi hazipimi wino wala tona halisi iliyomo. Ndiyo maana ukijaza upya, kipimo kinaendelea kusema sifuri. Kazi ya pili ni kujitambulisha: printa inauliza swali la siri, chipu inajibu. Chipu mbadala hujibu kwa kuiga, na toleo jipya la famwea huja na maswali ambayo mwigaji hakuyajua.

Hapa ndipo penye nafuu ambayo wengi hawaijui. Kizuizi cha Dynamic Security hulenga chipu, hakiangalii wino. Kwa maelezo ya HP yenyewe, katriji iliyojazwa upya lakini bado ina chipu ya HP inaruhusiwa. Kwa hiyo ganda la orijino lililojazwa na fundi mzuri mara nyingi litapita pale ambapo katriji mpya kabisa ya kampuni nyingine itakataliwa. Usitupe maganda yako.

Kuna printa zisizo na ugomvi huu hata kidogo. HP LaserJet 1020 na ndugu zake wanaotumia tona 12A hawana chipu kwenye katriji. Ni mashine za zamani, lakini ukiziona bado ziko kazini kwenye maduka ya kopi, sababu mojawapo ni hiyo.

Funga mlango siku ya kwanza

Ukinunua printa ya waifai na unatarajia kutumia wino mbadala, zima masasisho ya kujiendesha kabla ya kuiunganisha na intaneti. Kwenye printa za HP zenye kioo, ingia kwenye mipangilio, tafuta matengenezo ya printa, kisha sehemu ya kusasisha printa, uchague isikague masasisho. Zisizo na kioo hufanyiwa hivyo kupitia kompyuta. Chapa ukurasa wa taarifa za mtandao, soma anwani ya IP, kwa mfano 192.168.1.50, iandike kwenye kivinjari cha kompyuta iliyo kwenye ruta hiyohiyo. Ukurasa wa printa utafunguka. Kwenye LaserJet na OfficeJet nyingi unaingia Tools, kisha Printer Updates, unazima masasisho ya kujiendesha. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya modeli na modeli.

Ukiwa hapohapo, angalia mambo mawili ambayo huachwa mara nyingi. Moja ni Cartridge Protection. Ikiwa imewashwa, kila katriji ya orijino utakayoweka inafungwa kwenye printa hiyo moja milele. Chipu yake haitakubaliwa kwenye printa nyingine hata kama ni modeli ileile, na kuzima mpangilio baadaye hakuzifungui zile zilizokwisha kufungwa. Kwa ofisi yenye printa tatu zinazofanana, zinazoazimana tona mwisho wa mwezi, hilo ni balaa. La pili ni Cartridge Policy, ambayo ikiwekwa kwa katriji zilizoidhinishwa tu itakataa nyingine zote. Mara nyingi huwashwa na mtu wa TEHAMA kwa nia njema, kisha anahama kazi.

Tambua gharama ya uamuzi huu: famwea ya zamani hubaki na mianya ya usalama iliyokwisha kuzibwa kwenye toleo jipya. Njia salama ni kutumia printa kwa waya wa USB, au kuizuia isitoke nje kwenye intaneti kupitia ruta. Na programu ya kompyuta ikikuuliza kama unataka kusasisha printa, soma kwanza. Swali hilo hujitokeza ukiwa na haraka ya kuchapa, kidole kinabonyeza ndiyo chenyewe. Kurudi toleo la nyuma kwa modeli nyingi ni kazi ngumu au haiwezekani.

Kama umeshafungiwa, muulize muuzaji wa katriji mbadala kama ana zenye chipu ya toleo jipya. Watengenezaji wa chipu hizo nao hutoa matoleo mapya kila kizuizi kipya kinapotoka. Kwa sababu hiyohiyo usinunue katriji mbadala 20 kwa mpigo ili upate punguzo. Nunua 2, zikiisha nunua nyingine.

Kuhamisha chipu kwenye tona

Printa ya ofisi kama LaserJet Pro M404 hutumia tona 59A, yenye makadirio ya kurasa 3,000. Ilipotoka mwaka 2019, katriji mbadala nyingi ziliuzwa bila chipu, na mnunuzi alitakiwa kuhamisha ya zamani. Kazi yenyewe ni ya dakika tano, ila inataka utulivu. Weka katriji zote mbili mezani zikitazama upande mmoja, piga picha ya chipu ilivyokaa kabla ya kuigusa. Chipu imeshikwa na vijipande vya plastiki vilivyoyeyushwa kiwandani. Vikate kwa kisu chembamba cha karatasi ukielekeza makali mbali na chipu, kisha isukume itoke. Ishike pembeni, mafuta ya vidole kwenye vile vituo vya dhahabu yanatosha kuifanya isisomeke. Ipanguse kwa pamba yenye spiriti, iache ikauke, iweke kwenye kishikio kipya kwa mwelekeo uleule. Ikicheza, ishikilie kwa tone dogo la gundi ukingoni. Usiweke gundi chini yake, maana itainuka na kukosa mguso.

Printa itasema tona imekwisha. Ni kweli kwa hesabu ya chipu. Ingia kwenye mipangilio ya vifaa, sehemu ya kiwango cha chini kabisa, uchague iendelee badala ya kusimama. Tangu hapo kipimo hakina maana tena, utajua tona inaisha kwa macho, maandishi yakififia katikati ya ukurasa.

Anayejaza tona kwa ganda la zamani akumbuke hifadhi ya tona taka. Fundi mvivu humimina tona mpya bila kumwaga taka, na baada ya kurasa mia kadhaa unga unaanza kuvuja na kuchafua mgongo wa karatasi. Doa linalojirudia kila sentimita 7.5 hivi kwenye LaserJet ndogo linatoka kwenye dramu, silinda inayobandika tona kwenye karatasi, kwa kuwa huo ndio mzunguko wake mmoja. Kujaza tena hakuliondoi doa hilo, dramu ndiyo ya kubadilishwa.

Katriji za wino zenye kichwa

Katriji ndogo kama HP 123 na Canon PG-445 zina kichwa cha kuchapia, sehemu yenye matundu inayorusha wino kwenye karatasi, ndani yake. Hizi hujazwa kwa sindano, na printa kwa kawaida haigomi, inaonya tu. Kwenye Canon, onyo la wino kwisha linapozuia kazi, shikilia kitufe cha Stop kwa sekunde 5 au zaidi. Printa itaacha kukadiria wino wa katriji hiyo na kuendelea. PG-445 hutoka kiwandani na mililita 8, kwa hiyo kuingiza 5 au 6 taratibu kunatosha. Ukizidisha, sifongo inashindwa kushika na wino unadondokea ndani. Kwenye katriji ya rangi tatu chovya kijiti cha meno kila tundu, uangalie rangi kabla ya kuingiza chochote.

Usiendelee kuchapa ikiwa kavu kweli. Vichwa hivi hutoa wino kwa kuuchemsha, na wino huohuo ndio unaovipoza. Ukichapa bila wino matundu yanaungua, na hapo hakuna kujaza kutakakosaidia.

Printa iliyotoka nje

Printa iliyotumwa na ndugu aliyeko Ulaya au Marekani, au iliyokuja kama mtumba, ina kufuli la namna nyingine: eneo. HP DeskJet 2130 inayouzwa Afrika na Mashariki ya Kati hutumia katriji 123. Ileile Ulaya Magharibi hutumia 302, na Marekani hutumia 63. Katriji zinafanana kwa umbo, lakini printa hukumbuka eneo ililoanzishiwa. Kabla ya kulipa fungua mfuniko, soma namba ya katriji iliyomo, kisha ulizia dukani kama namba hiyo inapatikana.

Angalia pia herufi e mwishoni mwa jina la modeli, kama M209dwe. Hizo zimetengenezwa kwa mpango wa HP+. Akaunti ikishafunguliwa chini ya mpango huo, printa inadai intaneti na wino wa HP kwa maisha yake yote. Na katriji za Instant Ink, zinazolipiwa kwa mwezi, huacha kufanya kazi usajili ukikatishwa, hata zikiwa zimejaa. Katriji hizo zikiwa zimebaki ndani ya printa ya mtumba, hazina thamani kwako.

Printa za matangi

Anayechapa sana anunue printa ya tangi. Epson L3250 hujazwa kwa chupa 103 yenye mililita 65, na nyeusi moja inakadiriwa kurasa 4,500. Tangi halina chipu. Hatari hapa ni wino wenyewe. Printa iliyotengenezwa kwa wino wa rangi iliyoyeyuka (dye) ikipewa wa chembechembe (pigment), chembe hizo huziba kichwa, na kichwa ni kipuri cha gharama. Soma chupa, usiridhike na maneno ya muuzaji kwamba wino wote ni mmoja.

Epson hizi zikigoma ghafla na taa kuwaka kwa zamu, wengi hulaumu wino mbadala. Mara nyingi ni hesabu ya pedi inayonyonya wino taka ndani ya printa iliyofika mwisho. Fundi anaweza kuirudisha hesabu sifuri kwa programu. Asipobadilisha na pedi, wino utamwagika mezani.

Mbadala si bandia

Katriji yenye jina la mtengenezaji wake, iliyoandikwa kwamba inafaa printa fulani, ni mbadala na kuiuza si kosa kwa hilo tu. Iliyowekwa kwenye boksi la kuigiza nembo ya kampuni nyingine ni bandia. Tanzania suala hilo hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Kenya lipo Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Anayelalamika huko anahitaji boksi, katriji yenyewe na risiti yenye namba ya modeli. Risiti iliyoandikwa "wino" bila namba inampa muuzaji nafasi ya kukana. Mwambie aandike namba ya katriji na modeli ya printa uliyomtajia, na kwamba utarudisha ikikataliwa na printa. Muuzaji anayejua chipu yake ni ya toleo gani hatasita kuyaandika hayo.